Viazi vya Lavington

Mpwa wangu aliipata ile simu ya zamani ndani ya mkebe wa vifungo wa mamangu, hapa Rhonda, Nakuru, Jumapili moja ambayo stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi. Simu yenyewe ilikufa kitambo. Lakini kadi yake ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa mtoto, ilikuwa bado ndani. Akaichomoa, akaipuliza vumbi, akaipachika kwenye simu yake, na mara nikasikia sauti yangu ya miaka ile ikitoka sebuleni.

Nilikuwa jikoni. Nikaja na mwiko mkononi.

Ilikuwa video ya Krismasi ya 2012. Tuko uani, mbele ya mlango huu huu. Nimevaa gauni jekundu la kuazima, mikono nimeipishanisha mbele yangu kama aliyeshika hatamu, naruka kama mtu aliyepanda farasi. Watoto wa ploti nzima wamejipanga nyuma yangu wananiiga. Spika ya jirani inapiga "Gangnam Style", ule wimbo wa PSY wa Korea Kusini. Nyuma kabisa, kwenye kigoda, mamangu anamenya viazi.

Kisha inasikika sauti ya mama mkubwa, ambaye ndiye aliyeishika simu: "Na huko Nairobi siku hizi unakaa wapi?"

Nami, bila kuacha kuruka: "Lavington, mama."

Mpwa wangu akaisimamisha video. Ana miaka 18, alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na Kikorea amejifundisha mwenyewe kwa tamthilia hadi sasa hasomi tena maandishi ya chini. Akaniangalia kwa utulivu ule wa watoto wanaouliza kwa sababu wanataka kujua.

"Anti, wakati ule ulikuwa unajua huu wimbo unamcheka nani?"

Hii ni wiki ya sita. Swali halijatoka kichwani.

## Gitanga Road

Sikuwahi kukaa Lavington. Nilikaa Kawangware, chumba kimoja cha mabati, choo cha nje tukigawana watu wa milango minane.

Anayeijua Nairobi anajua kwamba Kawangware na Lavington zimegusana. Unatoka kwenye matope na vibanda vya sukuma wiki, unatembea kidogo, na ghafla barabara ina miti pande zote mbili, kuta ndefu zenye nyaya juu, na askari wa lango anayekufuata kwa macho mpaka upotee. Nilikuwa mpokea wageni kwenye ofisi moja ya Kilimani. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku sikuwa nayo, kwa hiyo nilifuata Gitanga Road kwa miguu, viatu vya kazi nikiwa nimevitia kwenye mfuko, sandali za plastiki miguuni. Karibu na ofisi palikuwa na ukuta mfupi. Hapo ndipo nilipobadilisha viatu.

Kwa hiyo Lavington niliipita mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Nilijua ni lango gani lenye mbwa mkali, ni mti gani unaomwaga maua ya zambarau mwezi wa Oktoba. Mtu akiniuliza nakaa wapi, jina hilo lilikuja mdomoni lenyewe. Nilijiambia kwamba nafupisha maelezo tu.

Lakini anayefupisha maelezo hababaiki akiulizwa nyumba namba ngapi. Mimi nilibabaika.

## Kusini mwa mto

Jioni ile, stima bado hazijarudi, mpwa wangu alinieleza wimbo mstari baada ya mstari. Nilikuwa nimeucheza miaka yote hiyo bila kujua neno moja la maana. Hata lile neno la kwanza, "oppa", nilidhani ni kelele ya kushangilia. Kumbe ni jina la heshima la nyumbani: msichana humwita hivyo kaka yake mkubwa, au mwanamume aliyemzidi umri ambaye amemzoea, na mara nyingi ndivyo anavyomwita mpenzi wake. Mwimbaji anajiita hivyo mwenyewe. Anajipa cheo ambacho kwa kawaida hupewa na mwanamke. Hapo tayari unamjua ni mtu wa namna gani: yule anayefika kwenye arusi na kujitambulisha kabla hajaulizwa.

Na Gangnam?

Gangnam maana yake ni kusini mwa mto. Basi, hilo tu. Mto wenyewe ni Han, unaoukata mji wa Seoul katikati. Mpaka miaka ya 1960 upande ule wa kusini ulikuwa mashamba: kabichi, mboga, miti ya mapeasi. Mwaka 1969 daraja likakamilika, mwaka 1970 barabara kuu ya kwenda Busan ikafunguliwa, na serikali ikaanza kuwasukuma watu wavuke. Shule za sekondari zenye sifa zikahamishwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na wazazi wakazifuata shule. Bei ya ardhi ikapanda kama moshi. Kizazi kimoja hakikuisha, na shamba la kabichi likageuka kuwa jina ambalo ukilitaja tu, watu wanakuandalia kiti.

Hapo nilimwambia mpwa wangu anyamaze kidogo.

Nakuru ina Milimani na ina Bondeni. Tunayataja majina haya kila siku bila kuyasikia. Milimani ni kule juu, ubavuni mwa Menengai, kwenye upepo na bustani. Bondeni ni huku chini, kwenye nyumba zilizobanana na adhana na chapati za alfajiri. Yalianza kama majina ya sura ya ardhi, kama mtu anayemwelekeza mgeni: pandisha, teremka. Leo ukisema umetoka Milimani hujaeleza mwinuko wowote, umeeleza shule uliyosoma na mshahara wa babako. Na kule Nairobi, Kilimani ni nini kama si penye kilima? Kumbe Wakorea wana mto na sisi tuna mlima, lakini jina limefanya kazi ile ile.

Mamangu anaikumbuka Kiamunyi ikiwa mahindi matupu. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kila ninapopita naona kibao kingine cha ploti zinazouzwa. Watoto wanaozaliwa huko sasa watalitaja jina la Kiamunyi kwa sauti ambayo waliolima pale hawakuwa nayo.

## Kikombe cha kahawa

Sehemu iliyonichoma ni ile ya kahawa.

Katika wimbo kuna mwanamke anayesifiwa kwamba mchana ni mpole na mwenye utu, na kwamba anajua kustarehe kwa kikombe cha kahawa. Nje ya Korea Kusini maneno hayo hayana uzito. Kwao yana jeraha ndani yake. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa na tusi lililotapakaa kwenye intaneti: "doenjangnyeo", yaani mwanamke wa doenjang. Doenjang ni rojo ya soya iliyochachushwa, na mchuzi wake ni chakula cha kawaida cha kila nyumba, cha bei nafuu. Mwanamke wa doenjang ni yule anayekula mchuzi huo wa bei ya chini mchana, kisha anakwenda kununua kahawa ya kigeni inayolingana na bei ya chakula chenyewe, au kuipita, ili aonekane ameshika kikombe.

"Anti, mbona umenyamaza?" mpwa wangu akauliza.

Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi, nilikuwa nakwenda kwenye mkahawa mmoja wa Kilimani na kuagiza kapuchino. Bei yake ilikuwa milo mitatu ya chapo-madondo pale kwenye kibanda cha Kawangware. Niliipiga picha. Picha niliiweka mtandaoni. Wiki nzima iliyofuata nilikula madondo bila chapati.

Kwa hiyo huyo mwanamke ni mimi, na niliuchezea wimbo wake nikiwafundisha watoto.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa na aibu iliyochelewa kwa zaidi ya miaka kumi, na aibu iliyochelewa huja na riba.

Lakini baada ya siku chache aibu ile ilianza kugeuka, nikaanza kujiuliza ni nani hasa aliyelitunga tusi lile. Wanaume, kwa kiasi kikubwa. Waliketi mbele ya kompyuta wakihesabu pesa zilizo kwenye pochi ya mwanamke aliyezifanyia kazi mwenyewe. Hata kwetu ni hivyo. Msichana wa kijijini akionekana na kikombe na nywele za kubandika, ana majina kumi, na gazeti litamwita sosholaiti hata kama hana anayemfuata zaidi ya binamu zake. Mwanamume anayekopa petroli ili gari alilokopa lionekane nje ya klabu, tunamwita mheshimiwa.

Nataka kusema hili kwa sababu hakuna aliyenisemea. Ile kahawa nilikuwa naihitaji. Mkahawa ule ulikuwa na choo chenye kitasa. Ulikuwa na kiti cha kitambaa karibu na dirisha, na kwa saa mbili hakuna aliyenibishia mlango kudai kodi, hakuna mtoto wa jirani aliyelia ukutani, na mhudumu aliniuliza kama nimeridhika. Ninayemkumbuka zaidi ni yeye, kwa lile swali lake. Picha niliipiga ili nijithibitishie kwamba nilikuwapo.

## Mtoto wa upande wa pili

Kisha nikaanza kumkasirikia mwimbaji.

PSY, jina lake la kuzaliwa Park Jae-sang, hakuwa mtu wa kutazama utajiri kupitia ua. Alizaliwa 1977 katika familia yenye uwezo, babake akiongoza kampuni ya vifaa vya kupimia semikondakta, na alikulia huko huko Gangnam. Alipelekwa Marekani kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Boston, akakiacha, akaingia chuo cha muziki cha Berklee katika mji huo huo. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2001. Jeshini aliitwa mara mbili, kwa kuwa utumishi wa kwanza ulionekana haukutimizwa ipasavyo. Wimbo huu ulipotoka, tarehe 15 Julai 2012, alikuwa na miaka 34, mnene kiasi, amekwisha kuimba kwa zaidi ya muongo mmoja.

Yaani ni mtoto wa Milimani anayewachekesha watu kwa kuwaiga watu wa Rhonda wanaojifanya wa Milimani.

Nilibaki na hasira hiyo wiki mbili. Nilimweleza hata mwanamke anayenisuka, na yeye akaniuliza kwa nini najisumbua na Mkorea. Sikuweza kumjibu kwa sentensi moja.

Lugha yetu haikuwangoja Wakorea, hilo nalijua. "Maskini akipata matako hulia mbwata." "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Nimezisikia tangu utotoni, nimezisoma kwenye leso zilizovaliwa kusudi jirani aone, na taarabu ya mipasho imejaa mwanamke anayeambiwa mbele ya umati kwamba dhahabu yake ni ya kukodi. Tulikua tukiziona ni hekima. Safari hii nilijiuliza ni nani aliyeketi mahali gani alipozitunga. Anayesema nguo ya kuazima haisitiri, bila shaka ana yake kabatini. Gauni langu jekundu la Krismasi lilikuwa la mwenzangu wa kazini. Na lilinisitiri. Mamangu alinishika mabega siku ile akasema nimependeza, na ilikuwa kweli.

Mpwa wangu ndiye aliyenirudisha kwenye video yenyewe. "Itazame bila sauti," akasema. "Usisikilize. Mtazame yeye."

Nikaitazama bila sauti.

Inaanza ameketi kwenye kiti cha kuegemea, miwani ya jua usoni, kama yuko ufukweni. Kamera inarudi nyuma: ni uwanja wa watoto wa kuchezea. Anatafuta mahali pa starehe, tunamkuta kwenye sauna, kichwa amekilaza begani kwa mwanamume mwenye michoro mwilini. Anacheza dansi, lakini ndani ya basi la wanawake wa makamo. Anatembea na warembo wawili, mmoja kila upande, kama mtu anayeingia kwenye sherehe ya wakubwa, na upepo unawarushia takataka na povu jeupe. Linamjaa mdomoni. Wale warembo wanageuza nyuso zao. Yeye anaendelea kuimba. Karibu na mwisho anaimba akiwa ameketi chooni.

Hapo hasira yangu ilipungua, ingawa haikuisha. Mdomo uliojaa povu ulikuwa wake. Angeweza kumkodi msichana mmoja avae nywele mbaya na kushika kikombe ili tumcheke, kama tunavyoona wachekeshaji wetu wakifanya kila wiki. Badala yake alijiweka mwenyewe kwenye upepo ule, kwa suti yake nzuri na tumbo lake. Na ukitazama uso wake anapotembea, hachekeshi. Anaamini kabisa kwamba anapendeza. Uso ule niliutambua. Niliuvaa kila asubuhi pale kwenye ukuta mfupi, nikibadilisha viatu.

Bado kuna jambo moja ambalo siwezi kumsamehe. Upigaji picha ulipokwisha, alijifuta akarudi nyumbani, na nyumbani ni kusini mwa mto.

## Bilioni mbili na ushei

Tarehe 21 Desemba 2012, siku nne kabla ya video yetu ya uani, wimbo ule ulikuwa video ya kwanza kabisa kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Ulishika namba mbili kwenye chati ya Billboard ya Marekani kwa wiki saba, na namba moja Uingereza. Ban Ki-moon, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alicheza hatua zake kule New York pamoja na mwimbaji. Miaka miwili baadaye, Desemba 2014, YouTube ilitangaza kwamba hesabu imeipita 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote ambazo kihesabio chao kiliweza kubeba wakati ule. Ilibidi wakipanue hadi namba yenye tarakimu 19.

Ninaifikiria namba hiyo na kujiuliza wangapi kati yetu tulijua. Tulisikia mapigo yale ya elektroniki yanayokuinua mabega hata hutaki, tukaona farasi asiyekuwapo, basi. Kejeli ilivuka bahari ikiwa imeacha mizigo yake yote bandarini.

Na kule ilikotoka? Mwaka 2016, nje ya jengo la COEX, Gangnam kwenyewe, ilisimamishwa sanamu kubwa ya shaba: mikono miwili iliyopishana, ile ya kushika hatamu. Watalii hupigia picha chini yake.

Wenye mtaa uliochekwa walimjengea mchekaji sanamu.

Nilikaa sana na jambo hilo. Mwenye pesa ukimcheka, anaichukua kejeli yako anaipaka rangi na kuiweka mlangoni ivute wageni. Kejeli ile ile ikimfikia msichana wa Kawangware, hana mahali pa kuisimamisha. Inakaa ndani yake tu.

## Wakulima

Kuna kitu nilikiona kwenye video ya uani nilipoirudia kama mara ya tano. Ninaposema "Lavington, mama", kule nyuma mkono wa mamangu unasimama. Kisu kimefika nusu ya kiazi. Kinasimama, halafu kinaendelea.

Nilikaa na mkono huo wiki nyingine nzima kabla sijathubutu kuuliza.

Mamangu hauzi tena. Magoti yamekataa. Lakini zaidi ya miaka 20 alikuwa na nafasi yake katika soko la Wakulima, viazi na vitunguu, na huko ndiko karo yangu ilikotoka. Jioni moja ya juzi nilimkuta akipukuchua mahindi kwenye beseni. Nikaketi karibu naye, nikachukua gunzi langu, nikamwonyesha simu.

Aliitazama hadi mwisho. Akatabasamu alipowaona wale watoto. Wengine wana watoto wao sasa.

"Mama, ulisikia nilivyosema pale?"

"Nilisikia."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu mwezi wa nane." Hakuacha kupukuchua. "Si uliniomba niwe nakutumia viazi? Watu wa Lavington hawaombi viazi."

Kila mwezi alinitumia nusu gunia kwa matatu ya Nakuru. Nililichukua mjini, nikalipandisha kwenye gari la Kawangware, nikamlipia makanga kiti cha pili.

"Na mbona hukusema chochote?"

Sasa ndipo alipoacha kupukuchua. Alinitazama kama anayepima kama nimekuwa mtu mzima vya kutosha.

"Ningesema nini? Mimi ndiye niliyeanza."

Sikuelewa.

"Ulipopata ile kazi ulinipigia simu. Ukaniambia, mama, kila siku napita Lavington nikienda kazini, kuna nyumba huku hujawahi kuona. Kesho yake sokoni wakaniuliza msichana wako yuko wapi. Nikasema yuko Lavington. Niliondoa tu hilo neno la kupita." Akachukua gunzi jingine. "Yule wa viazi kutoka Molo akalisikia. Tangu siku hiyo alikuwa ananiachia magunia mawili bila pesa mkononi, namlipa nikiuza. Wengine walikuwa wanalipa kwanza. Kwangu alisema, mama huyu ana mtu Lavington, hawezi kupotea."

Niliketi pale na gunzi langu.

Kwa hiyo viazi nilivyokuwa nakula Kawangware vilitoka kwenye magunia ya mkopo, na mkopo ulitoka kwenye neno Lavington, na neno hilo lilitoka kwangu, nikiwa natembea na viatu mfukoni. Na siku ile ya Krismasi nilipolisema mbele ya dada yake, mkono wake ulisimama kwa sababu alidhani nimeambiwa na mtu wa sokoni. Alidhani namlinda.

Labda nilikuwa namlinda. Sijui. Nimelizungusha mara nyingi mno, sasa siwezi tena kutenganisha nani alimdanganyia nani.

Najua hivi: katika ile video ya Seoul kuna watu wa kila namna, wakiwemo wanawake wa makamo wanaocheza ndani ya basi. Wakati wote nilipokuwa nikikasirika juu ya kahawa, sikujiuliza wale wanawake walikuwa wakienda wapi, na ni mtoto wa nani kati yao aliyekuwa kusini mwa mto.

## Septemba

Mpwa wangu anakwenda chuo kikuu Septemba. Ameshapata chumba cha kugawana na wenzake wawili, Kahawa Wendani, wanakokodi wanafunzi wengi wa Kenyatta University.

Jana usiku tulikuwa watatu hapo sebuleni. Akamuuliza mamangu, nusu kwa utani, "Shosho, sokoni utawaambia nakaa wapi?"

Mamangu hakucheka. Alifikiri kwanza.

"Magari ya Nakuru hushusha mizigo hapo Kahawa?"

"Hapana, Shosho. Yanaishia mjini. Itabidi niende kuuchukua, halafu nipande gari la Thika Road."

"Na ukiwa na nusu gunia, makanga atakutoza kiti cha pili?"

Mpwa wangu akanigeukia mimi. Nikamwambia ndiyo, atatozwa, lakini akipanda saa nne asubuhi, gari likiwa tupu, wakati mwingine hawamtozi mtu. Aulize kabla hajapanda.

Mamangu akaniomba nimletee lile gunia la katani lililo nyuma ya mlango wa jikoni, atazame kama panya hawajalitoboa.